Kupoza, kupooza na kupozea: lugha ya mitambo ya kuondoa joto katika vituo vya data

Mwanafunzi wangu wa somo la tafsiri aliwahi kuniletea maelezo ya ufungaji wa mitambo ya kituo kikubwa cha data. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: *Mfumo wa kupooza seva utafungwa kabla ya seva kuwashwa.* Irabu moja iliyozidi iligeuza mtambo wa kuziokoa seva kuwa mtambo wa kuzilemaza. Darasa lilicheka. Kosa la ukurasa wa tatu halikumchekesha mtu, kwani fundi ambaye angelifuata angeunganisha mabomba yasiyopaswa kukutana. Makala haya yanafafanua istilahi zinazozaliwa na kitenzi -poa na namna ya kuzitenganisha.

1. -poza na -pooza

Kitenzi *-poa* huonyesha hali: chai hupoa, hasira hupoa. Kauli yake ya kutendesha ni *-poza*, kama vile *-jaa* inavyozaa *-jaza*, na *-potea* inavyozaa *-poteza*. Ama *-pooza* ni kitenzi kingine, chenye maana ya kupoteza nguvu za viungo: *mkono wake umepooza*.

Nchini Tanzania mkanganyiko huongezeka, kwa sababu kituo kinachopunguza msongo wa umeme huitwa *kituo cha kupoza umeme*, na waandishi wengine huandika *kupooza umeme*. Hapo neno limetumika kwa sitiari: kinachoshushwa ni volti, wala si joto. Kituo kikubwa cha data huhitaji huduma zote mbili, hivyo *mtambo wa kupoza* peke yake hautoshi katika waraka wake. Taja daima kinachopozwa: *kupoza umeme, kupoza hewa, kupoza maji*.

2. -poza na -tia baridi

Kupoza ni kuondoa joto. Si lazima kinachopozwa kiwe baridi. ASHRAE, chama cha wahandisi chenye makao yake Marekani, hupendekeza hewa inayoingia katika seva iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27 za Selsiasi. Hewa ya nyuzijoto 27 hakuna mkazi wa Mombasa atakayeiita baridi, ilhali seva hupozwa nayo vizuri.

Aidha, kupoza hakuhitaji kompresa kila mara. Huko Hamina, Ufini, kampuni ya Google ilinunua kiwanda cha zamani cha karatasi mwaka 2009 na kukigeuza kuwa kituo cha data. Joto la seva huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya kituo, kisha huhamia kwenye maji ya bahari yanayovutwa kutoka Ghuba ya Ufini, bila maji hayo mawili kuchanganyika. Mfumo huo *hupoza*. Kusema *hutia baridi* ni kupotosha.

3. Maji yaliyopozwa na maji ya kupozea

Mahali ambapo bahari baridi haipo, kompresa hushika kazi. Hewa iliyopata joto katika seva hupita kwenye mabomba yenye maji yaliyopozwa. Maji hayo hupokea joto na kulipeleka kwenye mtambo mkuu. Humo, kile ambacho mafundi hukiita *gesi* (ingawa katika sehemu ya mzunguko wake huwa kimiminika) huchemka kwa joto la maji hayo na kuwa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi halijoto yake ipande, kisha joto huhamia kwenye maji mengine kabisa: maji ya kupozea. Haya hupanda mnarani nje ya jengo, sehemu yake ikavukizwa, na joto likaishia angani.

Mizunguko hiyo ni miwili na haichanganyiki. Mwanafunzi wangu aliiita yote *maji baridi*, na hilo ndilo kosa la ukurasa wa tatu. Sarufi yetu ina suluhisho. Kauli ya kutendwa, *yaliyopozwa*, hueleza maji yaliyotendewa. Kauli ya kutendea, *ya kupozea*, hueleza maji yanayotumiwa kutenda, kama tusemavyo *kisu cha kukatia* na *chumba cha kulia*. Kwa kanuni hiyohiyo tunapata *mnara wa kupozea maji*.

4. Joto na halijoto

*Joto* ni nishati inayohama. *Halijoto* ni kipimo cha umoto au ubaridi wa kitu. Kiasi cha joto kinachoondolewa kila sekunde hutajwa kwa kilowati, halijoto kwa nyuzi. Sentensi *mtambo unaondoa halijoto ya kilowati 500* haina maana kwa mhandisi.

Muhtasari wa matumizi

- Si sahihi: *mfumo wa kupooza seva*. Sahihi: *mfumo wa kupoza seva*, au *mfumo wa kupozea seva*.
- Haitoshi: *bomba la maji baridi*. Bora: *bomba la maji yaliyopozwa* au *bomba la maji ya kupozea*, kulingana na mchoro.
- Si sahihi: *joto la maji lisizidi kilowati 12*. Sahihi: *halijoto ya maji isizidi nyuzijoto 12*.

Mfasiri asiye na hakika auangalie mchoro kabla ya kuifungua kamusi. Akishajua joto linatoka wapi na linakwenda wapi, viambishi vitajipanga vyenyewe.