"Kaka Yake" ni Nani? Istilahi za Udugu katika Kutafsiri Kimongolia

Katika ukurasa huu wa tafsiri tunajadili namna ya kufasiri kwa Kiingereza ujumbe wa simu ulioandikwa kwa Kimongolia. Lugha hiyo iko mbali nasi, lakini tumeichagua kwa makusudi, kwa sababu tatizo lake wasomaji wetu watalitambua upesi. Tutazame ujumbe huu:

Za duu mini, ah n margaash ochno shuu.

Neno kwa neno ni hivi: "Haya mdogo wangu, kaka yake atakwenda kesho, ujue." Mfasiri anayeanza ataandika kwa Kiingereza kwamba kaka wa mtu fulani atakwenda mahali fulani. Kaka wa nani? Hakuna mtu wa tatu hapa. Mwandishi anasema tu: nitakuja kesho.

"Ah" ni ndugu mkubwa wa kiume, na "n" ni ufupisho wa kimilikishi cha nafsi ya tatu. Lakini Mmongolia anapozungumza na aliye mdogo kwake, aghalabu hujitaja kwa cheo chake cha udugu badala ya kusema "mimi". Mama husema "eej n", dada mkubwa "egch n". Hata mdogo anaweza kujitaja "duu n" mbele ya mkubwa wake. Nasi tunayo: mama humwambia mtoto, "Nyamaza, mama anakuja." Tofauti ni kwamba kwetu desturi hii huishia zaidi kwa watoto, ilhali kwa Wamongolia huendelea baina ya watu wazima, hata wasio na damu moja.

Kitenzi nacho kina mtego. "Ochno" ni kwenda mahali, na Mmongolia hukitumia anapoelekea kwa yule anayemwandikia. Kiingereza, kama Kiswahili, hapo hutaka "kuja". Makosa mawili katika sentensi fupi, na mwenye nyumba atamngoja mtu asiyekuwepo.

Kuhusu maandishi tuseme machache. Kimongolia cha nchini Mongolia huandikwa kwa herufi 35 za Kisirili, lakini kwenye simu wengi hutumia herufi za Kilatini bila kanuni moja. "Sn bnu" ni "sain baina uu", yaani hujambo. Irabu mbili tofauti huandikwa kwa "u" ile ile, hivyo "duu" inaweza kuwa mdogo wangu au wimbo! Wengine huandika "dvv" kwa maana ya mdogo, kwa kuwa "v" inafanana na herufi yenyewe. Muktadha ndio unaoamua.

Turudi kwenye udugu, maana hapo ndipo penye kazi. "Duu" hubeba umri bila jinsia. Maneno ya Kiingereza "brother" na "sister" hubeba jinsia bila umri. "Mdogo wangu" ya Kiswahili inalingana nayo barabara. (Wasemaji wa Kinyarwanda na Kirundi wana "murumuna", lakini huyo lazima awe wa jinsia moja na msemaji.) Vilevile mjomba ni "nagats ah" na ndugu wa kiume wa baba ni "avga ah", ambao Kiingereza huwaita wote "uncle". Katika mazungumzo vitambulisho hivyo huachwa, na mjomba, binamu mkubwa au jirani wote hubaki "ah".

Katika ujumbe wa kawaida tunashauri neno hilo liondolewe, au liwekwe jina la mtu. Kuandika "brother" kila mara humfanya msomaji wa Kiingereza adhani ni ndugu wa tumbo moja, au ni lugha ya kanisani. Ujumbe ukiwa ushahidi mahakamani au kiambatisho cha maombi ya viza, mambo ni mengine. Mwombaji aliyejaza fomu kwamba mwenyeji wake ni mjomba, kisha tafsiri ya ujumbe ikasema "my brother", ataonekana mwongo ilhali amesema kweli mara zote mbili. Hapo mfasiri aliache neno "ah" kama lilivyo, aeleze pembeni upana wa maana yake, na uhusiano halisi aulizwe mwenye ujumbe. Asiukisie.