Ngazi ya Paka na Kitovu cha Uzito

Paka afugwaye ndani ya nyumba hupenda mahali pa juu. Kule huona kila kipitacho chini, wala mbwa hawezi kumvamia kwa ghafla. Asipopewa mahali pake hupanda kabati la vyombo, na hasara yake hujulikana. Ngazi za paka ziuzwazo madukani ni ghali, lakini rafu ya vitabu iliyokwisha tengenezwa yaweza kugeuzwa kuwa ngazi kwa gharama ndogo. Useremala wenyewe si mwingi: ubao mmoja hukatwa sm. 25 upande wa kushoto ili paka apenye, na ubao ulio juu yake hukatwa upande wa kulia. Tatizo hasa ni la fizikia, kwa kuwa rafu hutengenezwa ili ibebe vitabu, na vitabu haviruki.

Chukuliwe mfano wa rafu yenye kimo cha sm. 150, kina cha sm. 30 na masi ya kg. 12. Kitovu chake cha uzito kipo sm. 75 kutoka sakafuni na sm. 15 kutoka ukingo wa mbele. Ili rafu ipinduke, sharti kitovu hicho kiinuke hadi kiwe wima juu ya ukingo. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali kutoka ukingoni hadi kitovuni ni sm. 76.5, basi kitovu huinuka sm. 1.5 tu, na kazi inayotakiwa ni jouli 1.8 hivi. Paka wa kg. 4 arukaye kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde ana nishati ya jouli 8. Nishati hiyo haiingii yote katika rafu, lakini sehemu yake yatosha kuiangusha, pengine juu ya mtoto achezaye karibu.

Mchanga wa kg. 20 ukifungwa katika mifuko na kuwekwa kwenye ubao wa chini, kitovu cha mchanga kikiwa sm. 10 kutoka sakafuni, kitovu cha vyote viwili hushuka hadi sm. 34, na kazi ya kupindua hupanda hadi jouli 10 hivi. Darasani jambo hili huonyeshwa kwa kisanduku cha kiberiti kilichosimamishwa wima, kwanza kikiwa kitupu, kisha kikiwa na udongo chini. Hata hivyo mchanga pekee hautoshi. Rafu sharti ifungwe ukutani kwa vyuma viwili na skrubu, karibu na kilele.

Hubaki kamba. Paka haparui viti kwa ukorofi: hujinyoosha, huambua ganda la nje la kucha lililochakaa, na huacha harufu itokayo katika nyayo zake. Kamba ya katani humfaa kwa ukwaru wake. Mguu wa rafu wenye mzingo wa sm. 16, ukizungushiwa kamba ya unene wa mm. 8 hadi kimo cha sm. 80, huhitaji mizunguko 100, yaani mita 19 hivi. Ncha za kamba hupigiliwa misumari upande wa nyuma, mahali ambapo makucha hayafiki.