Baruti imelia upande gani? Mzamiaji hawezi kujua

Baruti ya kuvulia samaki ikilipuka baharini kilomita tatu kutoka ulipo, ukiwa umezama utaisikia baada ya sekunde mbili. Mwenzako aliyesimama ufukweni Tongoni, Tanga, kwa umbali huohuo, ataisubiri karibu sekunde tisa, tena kama itamfikia.

Sauti ni msukumo unaopokezanwa: chembe husukuma jirani yake, jirani husukuma wa mbele. Hewani msukumo huo huenda kama mita 350 kwa sekunde katika joto la Tanga. Katika maji ya bahari, zaidi ya mita 1,500. Wengi hudhani ni kwa sababu maji ni mazito. La. Uzito peke yake ungeichelewesha sauti. Siri ni ugumu: maji yanakataa kubanwa karibu mara 15,000 kuliko hewa, hivyo msukumo hupokezanwa upesi.

Kasi hiyo ndiyo inayomchanganya mzamiaji. Nchi kavu, sauti ya kulia hufika sikio la kulia kwanza, na ubongo husoma upande kutokana na tofauti isiyofika hata elfu moja ya sekunde. Chini ya maji tofauti hiyo hupungua zaidi ya mara nne. Juu ya hayo, maji na mwili vinashabihiana mno, kwa hiyo sauti hupenya fuvu na kufika masikio yote mawili karibu pamoja. Mlipuko husikika kama umetokea ndani ya kichwa.

Mtu aliye kwenye ngalawa naye hudanganyika kwa njia yake. Sauti ikitoka chini na kugonga uso wa maji, karibu yote hurudi. Chini ya asilimia moja ya nishati yake ndiyo hutoka hewani. Kimya cha juu si ushahidi kwamba chini kuna amani. Ndiyo maana mwaka 2015 watafiti walipita na chombo wakikokota vinasa sauti vya majini katika pwani nzima ya Tanzania, wakathibitisha milipuko 318, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Hapo Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilikuwa imekwisha kupiga marufuku baruti, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilikuwa na miaka sita.

Kwa mlipuko kama huo, samaki hupasuka kibofu cha hewa. Binadamu aliye karibu anaweza kupasuka kiwambo cha sikio, hata mapafu. Kiwambo mara nyingi huziba chenyewe; seli za kusikia zilizo katika sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Ndugu mzamiaji, ukisikia mlipuko panda juu, usisubiri wa pili. Masikio yakiendelea kuvuma, yakitoa damu au ukiona kizunguzungu, usizame tena wala usitie mafuta sikioni. Nenda hospitali siku hiyohiyo.