MIZANI HAIPIGI SALUTI
Rubani mrefu na mzito aitafutapo ndege imfaayo

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge, afikapo Gitaza, huliona Ziwa Tanganyika mkono wa kulia na milima ya Mumirwa mkono wa kushoto. Ziwa liko yapata mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima hiyo hupanda kwa ghafla kuelekea vilele vya Kongo-Nili vipitavyo mita 2,000. Mchana, jua likiisha kuipasha moto miteremko, upepo huvuma kutoka ziwani, hugonga mlima, hauna pa kwenda ila juu. Ndipo mwewe hutandaza mbawa zake akapaa bila kuzipiga hata mara moja.

Binadamu naye amejifunza kazi hiyo ya mwewe. Chombo chake ni ndege isiyo na injini, ambayo marubani huiita glaida. Huvutwa na ndege nyingine au kwa kamba ndefu, kisha huachiliwa, ikabaki kuutafuta upepo upandao. Leo tunataka kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo moja tu la chombo hicho: mtu mrefu na mzito ataipataje ndege imfaayo? Tunalileta kwao kwa sababu mafunzo yake yanamhusu kila mtu abebaye mzigo kazini.

Askari na glaida si wageni kwa wenyewe. Baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuwakataza Wajerumani kuwa na ndege za kivita, vijana wao wengi walijifunza urubani kwa ndege zisizo na injini. Tarehe 10 Mei 1940 glaida za Kijerumani zilitua juu ya ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, kila moja ikiwa na kikosi kidogo cha askari pamoja na baruti zao. Katika safari kama ile kila kilo ilipaswa kuhesabiwa, kwani ndege isiyo na injini haina nguvu ya akiba ya kuiokoa ikizidiwa.

Hapa Afrika Mashariki, marubani wa Kenya walizirusha glaida huko Mweiga, karibu na Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua. Na katika bonde la Kerio, karibu na Iten, watu huruka kwa mbawa za kitambaa zifananazo na miavuli.

Uzito una mipaka miwili

Wengi hudhani kwamba hatari ni uzito mkubwa peke yake. Sivyo. Ndani ya kila glaida kuna kibao kinachotaja uzito wa chini na uzito wa juu wa mtu akaaye katika kiti. Katika ASK 21, ndege ya Kijerumani ya viti viwili iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979 na kutumika sana katika mafunzo, kiti cha mbele hutaka mtu asiyepungua kilo 70 wala kuzidi kilo 110, mwavuli wake ukiwamo.

Sababu yake ni mizani ya ndege yenyewe. Kwa kawaida kiti cha rubani kiko mbele ya kitovu cha uzito. Akikaa mtu mwepesi mno, mkia huwa mzito, na ndege yaweza kuanguka ikizunguka kama pia pasipo kurudishika. Huyo huongezewa vipande vya risasi, si risasi ya bunduki bali madini yenyewe. Akikaa mtu mzito mno, pua huinama, na wakati wa kutua usukani waweza kukosa nguvu ya kuiinua. Tena mwili wa ndege, kiti na mikanda vilipimwa kwa mzigo fulani. Ukizidi, hakuna ajuaye kitakachovunjika kwanza.

Mtu mzito asivunjike moyo. Glaida nzito haipungukiwi na umbali: iwezayo kwenda kilomita 30 kutoka kimo cha mita 1,000 itafika huko huko katika hewa tulivu, ila itakwenda kwa kasi zaidi. Tuseme ndege ina kilo 250. Akipanda mtu wa kilo 70, jumla ni 320; akipanda wa kilo 110, jumla ni 360. Kasi ya kutua huongezeka kama asilimia 6. Na katika nyanda za juu, penye mita 2,000, hewa nyembamba huongeza asilimia 10 nyingine. Kwa hiyo rubani mzito ahitaji uwanja mrefu zaidi. Hapo ndipo Gitaza, pamoja na upepo wake mzuri, pana mtihani: kati ya mlima na maji pana ukanda mwembamba tu wa barabara na nyumba.

Urefu nao una hesabu yake

Watu wawili wenye kimo kimoja waweza kutofautiana wakikaa: mmoja ana miguu mirefu, mwingine kiwiliwili. Wa kwanza magoti yake hugonga dashibodi. Wa pili kichwa chake hugusa kioo. Watengenezaji wanalijua jambo hili. Kampuni ya Schempp-Hirth ya Ujerumani iliiunda ndege yake ya Discus-2 kwa miili miwili: 2a nyembamba na 2b yenye nafasi zaidi.

Basi mtafutaji na afanye hivi. Kwanza, apande mizani akiwa na nguo, viatu na mwavuli, si baada ya kuvua. Pili, asome kibao cha ndege ile ile atakayoirusha, maana ndege mbili za aina moja huweza kutofautiana. Tatu, aketi ndani, afunge mikanda, kioo kifungwe. Ausukume usukani pande zote bila kugonga mapaja. Akanyage pedali hadi mwisho. Avifikie kishikio cha kuachia kamba na wenzo wa breki za hewa. Nne, ajaribu kutoka upesi. Wala asitoe mto wa kiti ili apate nafasi ya kichwa, kwani mto uliotengenezwa kwa kazi hiyo ndio huulinda uti wa mgongo ndege itapojibwaga.

Mbawa za kitambaa nazo huuzwa kwa uzito: moja, kwa mfano, ni ya kilo 85 hadi 105 pamoja na zana zote. Mwepesi wa kadiri atayumbishwa na upepo. Mzito wa kadiri atashuka kwa kasi.

Askari wa miavuli wanalijua hili kwa miguu yao. Jeshi la Marekani lilitumia mwavuli wa T-10 tangu miaka ya 1950. Mizigo ya askari ilipozidi kuongezeka, halikuwalaumu askari kwa uzito wao. Liliunda mwavuli mpana zaidi, T-11, wa kubeba jumla ya kilo 181, na kasi ya kushuka ikapungua kutoka kama mita 7 kwa sekunde hadi chini ya 6. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 T-11 ulikuwa umeshika nafasi ya T-10.

Ndugu askari, katika kazi hizi uwongo mdogo wa kilo tano huweza kugharimu maisha. Mkuu mwenye nyota begani husemwa kweli na mizani sawasawa na kuruta aliyefika jana. Mwalimu amwambiaye mkubwa wake, "Afande, ndege hii haikufai," hakumvunjia heshima, amemlinda. Na mkubwa akubaliye neno hilo, akaitafuta ndege nyingine, ameonyesha nidhamu iliyo ya kweli. Mwili mkubwa si aibu. Aibu ni kuuficha uzito wake chombo kikiwa tayari kuondoka ardhini.