Mto Zigi: maji ya Tanga na Muheza yanatoka wapi?

Ukifungua bomba Muheza mjini, maji yanayoingia kwenye ndoo yako yameshapita wilayani Muheza mara moja kabla ya siku hiyo. Yalitoka milima ya Amani, yakateremka na Mto Zigi mpaka bwawa la Mabayani karibu na jiji la Tanga, yakasafishwa kwenye mtambo wa Mowe, kisha yakasukumwa kwa mashine kupitia Pongwe mpaka Muheza. Yaani maji ya mlimani yameshuka bure mpaka karibu na bahari, halafu yakapandishwa kwa umeme kurudi wilayani kwao.

Wasikilizaji wetu wakipiga simu kuhusu maji, mara nyingi wanazungumzia bomba: limekatika, limepasuka, lini litafika kijijini kwetu. Mto wenyewe hautajwi sana. Tumeona tuueleze hapa, kwa sababu ni mto mdogo wenye kazi kubwa, na anayeutegemea mara nyingi hajui uko katika hali gani kule juu.

Mto wenyewe ni upi

Kwanza jina. Wenyeji husema Zigi. Wajerumani na Waingereza waliandika Sigi, na ndiyo maana ukienda Amani utakuta kibao cha Sigi na kwenye ramani nyingine utakuta Zigi. Ni mto ule ule.

Chanzo chake ni milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, mahali penye kimo cha kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Amani mpaka mto unapoingia baharini, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 50 tu, ingawa mto wenyewe hauendi kwa mstari ulionyooka na una kona nyingi. Linganisha na Mto Pangani, unaoanzia Kilimanjaro na Meru na kwenda kama kilomita 500 kabla ya kuiona bahari. Zigi, Pangani, Umba na Msangazi yote iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, lakini Zigi haupokei tone la Pangani. Una mvua yake, msitu wake na bahari yake.

Wengine huuchanganya na Mkulumuzi, ule unaopita kwenye mapango ya Amboni. Mkulumuzi ni mto mwingine. Unaingia baharini karibu na hapo hapo, lakini maji yake siyo yanayojaza Mabayani.

Kwa nini mto mfupi namna hii haukauki kiangazi? Tazama milima ilivyokaa. Usambara Mashariki iko kama kilomita 40 tu kutoka bahari ya Hindi. Upepo unaotoka baharini una unyevu mwingi. Ukifika kwenye milima unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaacha maji yake, ama kama mvua ama kama ule ukungu ambao watu wa Amani wanaamka nao asubuhi. Tanga mjini hupata kama milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Amani hupata karibu milimita 2,000. Kama mvua yote hiyo ingesimama pale ilipoangukia bila kuondoka, mtu mzima angezama.

Lakini haisimami, wala haiondoki yote siku moja. Chini ya msitu kuna majani yaliyooza, mizizi, na udongo laini wenye vijitundu. Maji yanazama humo, yanakwenda polepole chini ya ardhi, na yanatokea kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye. Maji tunayoyaona Zigi mwezi wa Februari, jua likiwa kali na masika bado, ni mvua ya zamani ambayo msitu umeichelewesha. Ukiutoa msitu mvua itaendelea kunyesha, ila itakimbia yote kwa pamoja.

Mlima uliotumika sana

Amani haijawahi kuachwa kimya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, na wakajenga tawi la reli kutoka Tengeni, karibu na Muheza, mpaka Sigi kwa ajili ya kushusha mbao. Reli imeondoka. Nyumba ya stesheni ipo, na leo ndiyo inayopokea wageni wanaoingia hifadhi ya Amani. Baadaye yakaja mashamba ya chai. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa kwa mashine mpaka serikali ikazuia, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana dhahabu upande wa Sakale. Watu walimiminika, wakachimba kwenye vijito, wakaosha udongo humo humo. Serikali iliwaondoa. Hofu haikuwa tope peke yake: kwenye uchimbaji mdogo dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na zebaki ikiingia kwenye mto haichujwi kwa kitambaa wala haiondoki kwa kuchemsha maji.

Nje ya hifadhi ni mashamba ya watu. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, migomba, mihogo, mahindi. Mazao haya hayauchukulii mlima sawasawa. Pilipili manga inapanda juu ya mti, kwa hiyo mti unabaki. Iliki inataka kivuli, lakini baada ya miaka kadhaa ardhi inachoka, mkulima anakata miti iliyobaki na kupanda mahindi. Mahindi kwenye mteremko uliolimwa wazi, mvua ya kwanza ya masika ikipiga, ndiyo yanayotuletea ule mto wa rangi ya chai ya maziwa.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Redioni tunaitaja kila mwaka, na kwa mtu wa mjini inasikika kama jambo dogo. Hebu tufanye hesabu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Shamba lenye urefu wa mita 67 kando ya kijito, na upana wa mita 60 kutoka kwenye kijito hicho, ni ekari nzima. Kwa hiyo mwenye ekari moja ya namna hiyo akiitii sheria, hana shamba. Na huko juu vijito ni vingi, bonde hadi bonde. Sisi tunaona mtu huyu akiambiwa tu “acha kulima” bila kuambiwa atakula nini, atalima usiku.

Ndiyo maana juhudi za wakulima wenyewe zina maana zaidi ya mabango. Kuna umoja uitwao UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi. Kihuhwi ni mmoja wa mito inayoungana na Zigi, kama ulivyo Muzi. Kazi ya wakulima wa aina hii haina maajabu: makingamaji yanayokata mteremko, majani ya mifugo yaliyopandwa kwenye kingo ili udongo ushike, miti kando ya vijito, ng'ombe kufugwa bandani badala ya kupelekwa mtoni kunywa. Faida ya kwanza anaipata anayelima, kwa kuwa udongo wenye rutuba unabaki kwake. Faida ya pili inaonekana mbali na hapo, Mabayani.

Bwawa na hesabu yake

Zigi ukishamaliza milima unapita karibu na mitiki ya Longuza, unaingia kwenye nchi ya Wabondei, kisha unaelekea pwani kwa Wadigo. Huko tambarare mwendo unapungua, na kabla haujafika Amboni unakutana na ukuta wa Mabayani. Bwawa hili lilijengwa mwaka 1978, likiwa na uwezo wa kama mita za ujazo milioni 7.7. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20.

Maji yakisimama, tope linazama chini. Ni vizuri kwa mtambo wa kusafisha, lakini tope hilo haliondoki. Kila masika linaongeza tabaka, na nafasi ya tabaka hilo ilikuwa ya maji.

Mamlaka ya maji, Tanga UWASA, imekuwa ikizalisha kama lita milioni 45 kwa siku. Bwawa lililojaa kama lilivyojengwa, mto ukiacha kabisa kuleta maji, lingetosha siku 170 hivi kwenye karatasi. Ukweli ni pungufu, maana jua linakausha na tope limekula sehemu. Na jiji la leo siyo lile la 1978: sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu karibu laki nne katika Jiji la Tanga, na bomba limeshavuka mipaka ya jiji.

Mwezi Februari 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa lugha rahisi, mamlaka ilikopa kwa wananchi na taasisi: aliyeweka shilingi milioni moja, mwaka mmoja anazaa shilingi 135,000 kabla ya makato kama yapo, na milioni yake anarudishiwa. Fedha hizo ni za kupanua huduma ili uzalishaji ufike lita milioni 60 kwa siku, kwa Tanga na wilaya jirani zikiwemo Muheza, Pangani na Mkinga.

Ni habari njema. Lakini turudi kwenye hesabu ile ile. Ukichota lita milioni 60 kwa siku kutoka bwawa la ukubwa ule ule, siku 170 zinakuwa kama 128, yaani miezi minne na kitu. Mashine kubwa na bomba nene haviongezi maji kwenye mto. Anayerudisha riba ya hatifungani hiyo, kwa namna fulani, ni pia yule mkulima wa Amani aliyeacha mti wake usimame, na hatujasikia mpango unaomlipa yeye asilimia 13.5.

Chini ya Mabayani, Zigi una safari fupi iliyobaki. Unapita Amboni kwenye miamba ya chokaa, karibu na chemchemi za maji ya moto za Galanos zenye harufu ya kiberiti, na kisha unakutana na maji ya chumvi. Mikoko ya mdomo wa mto inahitaji maji baridi kidogo ili istawi, na kamba wadogo wanakulia humo, kwa hiyo mvuvi naye ana sehemu yake katika mto huu. Tope likizidi linafunika majani ya baharini ambako samaki wachanga wanakulia. Maji baridi yakipungua mno, chumvi inapanda juu zaidi mtoni.

Ukiwa kwenye gari la Horohoro, utavuka daraja la Zigi pale Amboni, dakika chache tu baada ya kutoka mjini. Tazama chini masika yajayo, kisha utuandikie ujumbe mfupi utuambie maji yana rangi gani, na siku hiyo mvua ilinyesha Amani au hapo hapo pwani.