Figo na dawa ya kung'arisha picha za moyo

Mwananchi wa Mwanza au mwambao wa Ziwa Victoria anayeandikiwa kipimo cha MRI ya moyo anapaswa kumweleza daktari hali ya figo zake. Katika kipimo hicho, mgonjwa huweza kuchomwa dawa yenye metali ya gadolini, ambayo huonesha makovu ya misuli ya moyo. Dawa hiyo hutoka mwilini kupitia figo. Zikiwa dhaifu sana, baadhi ya aina zake huweza kusababisha ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Hivyo, dozi iliyokuwa ikifika milimoli 0.2 kwa kila kilo ya uzito inaweza kupunguzwa hadi 0.1 ilimradi picha zisomeke. Kanda ya Ziwa ina kichocho, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa huweza kuharibu figo. Aliyewahi kukiugua amjulishe daktari mapema.