Kipaji Kilichovaa Koti la Maabara

Ukisikia kipaji cha mrembo, bila shaka huwazia wimbo au ngoma. Katika Miss America, mashindano yaliyoanza mwaka 1921, mazoea yalikuwa hayo. Lakini Desemba 2019 Camille Schrier wa Virginia, mwanafunzi wa famasia, alipanda jukwaani amevaa koti la maabara. Alitia kichocheo katika haidrojeni peroksaidi. Mara oksijeni ikafumuka, mapovu ya rangi yakaruka juu mithili ya chemchemi. Jaribio hilo si geni kwa walimu wa kemia. Kigeni kilikuwa jukwaa. Majaji wakamvika taji, pamoja na dola 50,000 za masomo. Je, binti yako akisema kipaji chake ni hesabu, utamcheka?